Dakika 20 mlangoni: mtoto wa miaka miwili na baridi ya Sweden

Mtoto wa miaka miwili akiwa Tanga au Kisumu hutoka nje kwa kusukuma mlango. Hapa Sweden, kuanzia Novemba hadi Machi, kabla ya mlango huo kuna dakika 20 za soksi, sufu, ovaroli, buti, kofia na vantar, yaani glavu. Na dakika ya 19, zipu ikishafika kidevuni, ndipo bwana mkubwa anapotangaza kuwa ana mkojo.

Wengi wetu tukifika huilaumu baridi, kumbe mchokozi ni maji. Siku kavu ya nyuzi 8 chini ya sifuri haina matata: mtoto aliyevaa sawasawa atachimba theluji saa nzima na kulia akiambiwa turudi ndani. Siku mbaya ni zile za nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri, theluji imekuwa rojorojo, ile wanayoiita slask. Hapo analowa kwa nje kwa theluji inayoyeyuka, na kwa ndani kwa jasho la kukimbia. Ukishajua hivyo, hata kumvalisha kunakuwa na mantiki.

Nguo inayogusa ngozi isiwe pamba. Sisi tuliokulia joto tunaiheshimu pamba, na ndiyo maana kosa hili hurudiwa kila mwaka. Pamba hunywa jasho na kulikalia. Mtoto akitulia kidogo, fulana mbichi inamganda mgongoni na joto lote linaondoka. Mvalishe sufu laini, ya merino ukiweza, kwa sababu sufu hupasha hata ikiwa na unyevu. Kama inamwasha, ziko nguo za ndani za polista zinazokauka upesi. Juu yake sweta la sufu au flisi, kisha ovaroli.

Ovaroli zinahitajika mbili. Moja ni nzito, imejazwa ndani, kwa theluji kavu. Nyingine ni suti ya mpira, galon, kwa slask na mvua. Mpira hauingizi maji, lakini pia hautoi jasho, kwa hiyo chini yake punguza nguo. Flisi moja mara nyingi inatosha. Mtoto anayerudi amelowa ndani ya galon isiyovuja hakuvalishwa nguo chache. Alivalishwa nyingi.

Kujua kama amevaa sawasawa, usishike mikono wala pua, vinadanganya. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo, viteremke hadi kati ya mabega. Pakiwa pa moto na pakavu, mwache acheze. Pakiwa na unyevunyevu, toa nguo moja. Pakiwa baridi, ongeza au rudini ndani.

Buti usizipime kwa kubonyeza ncha kwa kidole gumba, kwa maana mtoto hukunja vidole. Chomoa soli ya ndani, iweke sakafuni, msimamishe juu yake akiwa na soksi ya sufu, kisigino kikae mwisho kabisa. Mbele ya kidole kirefu ibaki sentimita 1.5 hivi. Nafasi hiyo ndiyo inayoshika hewa yenye joto. Soksi mbili ndani ya buti inayobana humgandisha miguu kuliko soksi moja ndani ya buti yenye nafasi, na mzazi anayeongeza soksi ya tatu kwa huruma ndiyo anazidisha.

Vantar ni zile za kidole gumba peke yake, vidole vingine vikae pamoja vipashane joto. Glavu za vidole vitano mwachie mpaka afike shule. Kuingiza vidole vitano vya mtoto wa miaka miwili, kimoja kimoja, ni adhabu kwenu nyote. Kwenye slask, pangilia kama mabati ya paa, la juu lifunike la chini: mkono wa ovaroli uje juu ya shingo ya vantar, na mguu wa suruali uje juu ya buti. Ukiziba kinyume, maji yanateremka na mkono mpaka kwenye vidole, na ndani ya buti unapata kidimbwi.

Skafu usimfunge. Inanasa kwenye vyuma vya kuchezea na kumkaba. Badala yake ipo kofia inayofunika kichwa na shingo kwa pamoja, au kola ya sufu.

Sasa mpangilio wa zile dakika 20. Choo kwanza, na usiulize. Swali la "unataka kukojoa?" kwa umri huu lina jibu moja tu. Sema "twende chooni" na mwende. Halafu mzazi avae yeye mwanzo, hadi viatu, abakize koti tu. Ukianza na mtoto, atakuwa anatokota ndani ya ovaroli huku wewe unatafuta funguo, na jasho hilo ndilo litakalomtetemesha dakika kumi baadaye. Ovaroli itandaze sakafuni, zipu wazi, akae kitako juu yake kama kwenye mkeka, aingize miguu mwenyewe. Kisha mikono, kofia, zipu, buti, na vantar mwisho kabisa. Vantar zikitangulia, hataweza kushika chochote, na kilio kitaanzia hapo.

Kitakuja hata hivyo. Umri huu Waswidi wameupa jina, trots, ubishi wa kila kitu: buti anazitaka, hazitaki, anazitaka za jana. Mpe uchaguzi wa vitu viwili tu, kofia ya bluu au nyekundu, na uwe tayari kukubali jibu. Akijitupa sakafuni, fungua zipu apoe, kaa chini naye, ngoja dakika mbili, anza upya na mguu mmoja. Kama mnaishi ghorofani, hamishieni shughuli kwenye ngazi ambako kuna ubaridi kidogo. Nusu ya hasira ya mlangoni ni joto. Kofi halimo. Sweden ilipiga marufuku adhabu ya viboko kwa watoto mwaka 1979, ikiwa nchi ya kwanza duniani, na marufuku hiyo inahusu nyumbani pia. Walimu wa chekechea wanawajibika kisheria kutoa taarifa kwa ustawi wa jamii wakiwa na wasiwasi juu ya mtoto. Wazazi waliolelewa kwa "mtoto umleavyo" wanahitaji kulijua hili mapema, na si kwa kulisikia ofisini.

Kuna faida moja ya mlango huu ambayo wengi wanaiacha ipite. Chekechea mtoto anasikia Kiswidi saa saba au nane kwa siku. Kiswahili kinabaki na asubuhi na jioni. Na asubuhi, kwa dakika 20, mko uso kwa uso, hana pa kwenda, na kila kitu mnachokitaja mmekishika mkononi. Sema maneno yaleyale kila siku: lete mguu, mguu mwingine, sukuma, inua mikono, fumba macho nipitishe kofia, zipu juu! Hesabu vifungo. Baada ya wiki kadhaa atakudai sentensi ukiiruka. Atachanganya, na ni raha kumsikia: "Mama, vantar zangu ziko wapi?" "Mössa yangu hii!", yaani kofia. Hajafundishwa na mtu, lakini neno la Kiswidi ameliingiza kwenye ngeli ya I-ZI na upatanisho umekaa sawa. Usimkatize kumsahihisha, mjibu tu kwa jina la kwenu, "glavu zako zile pale." Sheria ya elimu inaitaka chekechea nayo imsaidie mtoto kukuza lugha ya nyumbani, kwa hiyo waandikie walimu maneno kumi hivi yabandikwe kwenye kitundikio chake: maji, choo, nyumbani, usingizi, inauma, pole. Wengi hufurahi kuyatumia.

Ngozi ndiyo sura nyingine ya baridi. Nyumba zina joto la kutosha lakini hewa yake ni kavu, na mazoea yetu ya kumwogesha mtoto asubuhi na jioni kwa sabuni humpausha mpaka akajikuna usiku. Msimu wa baridi, kuoga kwa beseni mara mbili tatu kwa wiki kunatosha, maji ya vuguvugu, dakika chache, sabuni sehemu zinazohitaji tu. Uso, mikono na makalio safisha kila siku. Akitoka majini mkaushe kwa kumgusagusa na taulo, kisha mafuta papo hapo kabla unyevu haujaondoka. Mashavu kabla ya kutoka nje yapakwe mafuta ya mgando au krimu nzito. Losheni nyepesi yenye maji mengi haisaidii kwenye baridi kali.

Nywele: kofia ya sufu hunyonya mafuta na kuzikata kisogoni. Shonea kitambaa cha satini ndani, kazi ya nusu saa kwa sindano ya mkono. Pima kofia baada ya kusuka, kwa sababu misuko humpandisha saizi. Na nywele zioshwe jioni ambayo hamtoki tena.

Usingizi wa mchana utawashangaza wa nyumbani. Bibi akiona kwenye simu kigari kibarazani na theluji pembeni, atauliza kama mmerukwa na akili. Hapa ni kawaida, hata chekechea nyingi hulaza watoto wadogo nje, kila moja na kiwango chake cha baridi cha kusema leo hapana. Kinachofanya kazi ni kinachokuwa chini yake: ngozi ya kondoo au godoro nene, kisha mfuko wa kigari, kisha yeye na sufu zake. Funga mikanda, kaza breki, usifunike mdomo wa kigari kwa blanketi linalozuia hewa, na umchungulie shingo mara kwa mara. Nyumbani si lazima mfanye. Lakini akilazwa nje chekechea, hakuna anayemtesa.

Kwenye gari ni kinyume: ovaroli nene ivuliwe. Mkanda unaweza kuonekana umekaza, kumbe umekaza hewa iliyomo kwenye nguo, na gari likigongwa hewa hiyo inabanwa na mtoto anachomoka. Mfunge akiwa na sweta, mkanda uguse mwili, halafu mfunike blanketi juu. Ushauri wa Sweden ni mtoto aketi akiangalia nyuma mpaka angalau miaka minne.

Jua halitoshi hata likionekana. Kati ya Oktoba na Machi liko chini mno kwa ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ya nyeupe. BVC, kliniki ya watoto, hutoa matone: mikrogramu 10 kwa siku, kwa kawaida matone 5, hadi umri wa miaka miwili. Kabla ya kuacha, mweleze muuguzi anakula samaki kiasi gani na anatoka nje kiasi gani. Wengi wa kwetu huendelea. Usimwongezee na vidonge vya vitamini juu yake bila kuuliza. Giza lina dawa yake pia: Stockholm mwezi Desemba mwanga ni saa sita tu, na mtoto hurudi kutoka chekechea gizani. Dereva humwona mtu asiye na kiakisi mwanga kwa mita 20 hadi 30, aliye nacho mita 125. Kiakisi kining'inie chini, usawa wa goti, ndipo taa za gari zinapopiga.

Msimu wa kwanza chekechea, atapata mafua kila baada ya muda mfupi. Mzazi anayekaa naye hulipwa na Försäkringskassan, shirika la bima ya jamii, chini kidogo ya asilimia 80 ya mshahara. Likizo hiyo huitwa vab, na Waswidi jina hilo wamelifanya kitenzi, kuvabba, na Februari huitania vabruari. Arifu siku ya kwanza kwenye programu yao na mwajiri naye umwambie. Cheti cha daktari huhitajika kuanzia siku ya 8. Kwa ushauri wa afya piga simu 1177, ukiwa umeshapima joto na kuhesabu amekojoa mara ngapi, maana watauliza. Ugonjwa wa kutapika wa msimu huu una sheria yake: arudi chekechea saa 48 baada ya tapishi la mwisho, si akishaanza kucheka. Mpe maji ya kurudisha chumvi ya duka la dawa, kijiko cha chai kila baada ya dakika chache. Ukimpa kikombe kizima, kitarudi kizima. Mikono nawa kwa sabuni. Jeli ya spiriti haiwezi sana kirusi hicho.

Chekechea lipo kabati la kukaushia nguo, kwa hiyo kinachohitajika ni jozi za ziada: vantar mbili, soksi mbili, seti nzima ya kubadili. Andika jina kwenye kila kitu, hasa buti. Zote zinafanana.

Aprili ikifika, watu wanauza. Ovaroli za mitumba kwenye loppis, masoko ya vitu vilivyotumika, zinakuwa nyingi wakati huo, na mtoto huwa hajaichakaza aliyoivaa miezi minne. Saizi ni urefu kwa sentimita: wa miaka miwili wengi ni 92, kwa hiyo nunua 98 au 104 ya mwaka ujao. Kagua magoti, makalio na kamba za chini ya buti, na zipu ipandishe na kuishusha mara tano, kwani zipu ikifa ovaroli imekufa. Ya kwenu ifueni zipu ikiwa imefungwa, bila kilainishi cha nguo, maana kinaharibu uwezo wa kuzuia maji, kisha ipulizieni dawa ya kuzuia maji kabla ya kuiweka. Mifuko igeuzeni kwanza. Kuna kokoto za barabarani, vijiti, na kipande cha mkate kigumu kama jiwe, cha tangu Januari.