Kuchunguza barafu ya bahari ukiwa Kampala: data, vipimo, na pale hesabu zinapoharibika

Barafu ya bahari ya Aktiki na Antaktika inaweza kuchunguzwa kutoka Kampala. Sehemu kubwa ya kazi ya mtafiti wa fani hii, hata yule aliyeko Norway au Ujerumani, hufanyika mbele ya kompyuta, akihangaika na namba zilizoletwa na setilaiti. Safari ya melini ni ya wiki au miezi, na uchambuzi unaofuata ni wa miaka. Kwa hiyo mwanafunzi wa Makerere, Mbarara au Gulu aliyeshika vizuri fizikia na hesabu hajafungiwa mlango. Kinachowakwamisha wengi ni kutojua namba hizo hutengenezwaje, na wapi si za kuaminiwa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kwetu huchanganywa sana kwa sababu tunayo Rwenzori. Barafu ya kilele cha Margherita ni theluji iliyoanguka, ikarundikana na kushindiliwa kwa miaka mingi. Barafu ya bahari ni maji ya bahari yenyewe yaliyoganda, na maji hayo huganda yakifika takriban nyuzi -1.8 za Selsiasi. Inaelea, hivyo ikiyeyuka haipandishi kina cha bahari kwa kiasi cha kuonekana. Umuhimu wake uko kwenye mwanga wa jua. Ikiwa imefunikwa na theluji mpya, hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga, ilhali bahari wazi hurudisha chini ya asilimia 10. Barafu ikipungua kiangazi, bahari humeza joto ambalo lingerudi juu, na joto hilo huchelewesha kuganda kwa majira yanayofuata.

Rekodi ya setilaiti tunayoitegemea ilianza mwishoni mwa 1978 kwa kifaa cha SMMR kilichobebwa na setilaiti ya Nimbus-7, ikaendelezwa na kifaa cha SSM/I kuanzia 1987, kisha SSMIS. Vifaa hivi havipigi picha. Hupokea maikrowevu hafifu zinazotoka kwenye uso wa dunia wenyewe, kwa hiyo mawingu hayazuii sana, wala usiku wa ncha unaodumu miezi. Aliyezoea picha za Landsat za Uganda, ambako wingu moja juu ya Mbale linakuharibia wiki nzima, hapa atapumua. Kwenye masafa ya gigahezi 19, kwa mawimbi yanayotikisika kwa mlalo, bahari wazi husomeka kama kelvini 100 hivi na barafu ya mwaka wa kwanza (ambayo bado haijapitia kiangazi) kama kelvini 240, ingawa halijoto zao halisi zinakaribiana. Tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha programu kukadiria ni asilimia ngapi ya kila mraba wa kilomita 25 kwa 25 imefunikwa na barafu.

Kutoka kwenye asilimia hizo hupatikana vipimo viwili, na lazima uvitenge tangu siku ya kwanza. Eneo ni jumla ya asilimia ya kila mraba mara ukubwa wake. Upeo ni jumla ya miraba yote yenye barafu ya asilimia 15 au zaidi, kila mmoja ukihesabiwa mzima. Upeo huwa mkubwa kuliko eneo, na ndio unaotajwa kwenye habari: Septemba 2012 upeo wa Aktiki ulishuka hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, na Februari 2023 ule wa Antaktika ulishuka chini kidogo ya milioni 1.8. Mimi napendelea upeo kwa miezi ya kiangazi. Wakati huo madimbwi ya maji yaliyoyeyuka hutapakaa juu ya barafu, na kifaa hakiwezi kutofautisha dimbwi na bahari. Mraba uliojaa barafu unaweza kusomeka asilimia 60, na eneo likapungua kwa uongo. Upeo hautikisiki kirahisi hivyo, kwa kuwa 60 bado iko mbali sana na 15.

Data zenyewe ni za bure. Hifadhi kuu ni NSIDC, kituo cha Marekani cha data za theluji na barafu kilichoko Boulder, Colorado, nawe unahitaji tu kufungua akaunti ya Earthdata, mfumo wa data wa NASA. Gridi ya kaskazini, yaani ile miraba ya kilomita 25 iliyopangwa kama jedwali, ina safu wima 304 na safu mlalo 448, yaani namba 136,192 kwa siku, mzigo mdogo kabisa kwa bando la kawaida. Anza na jedwali la upeo wa kila siku, ambalo ni faili moja la maandishi, ndipo uende kwenye faili za gridi. Pakua mwaka mmoja mmoja ili umeme au mtandao ukikatika usirudie yote. Kompyuta mpakato ya kawaida yenye lugha ya programu ya Python inatosha.

Sasa makosa, na hapa ndipo ninapotaka ukae.

Ndani ya faili za gridi, asilimia huhifadhiwa kama namba za 0 hadi 250, ambapo 250 ni barafu kamili. Namba za juu yake si barafu bali ni alama: 251 ni shimo la ncha, 253 ni ukingo wa pwani, 254 ni nchi kavu, 255 ni data iliyokosekana. Programu nyingi zikifungua faili hugawanya kila kitu kwa 250 bila kukuuliza. Nchi kavu inageuka kuwa 1.016 na data iliyokosekana inakuwa 1.02. Ukiandika sharti la "0.15 au zaidi" bila kuweka kikomo cha juu, Siberia, Kanada na Greenland zote zinaingia kwenye hesabu yako kama barafu. Kabla ya hesabu yoyote, chapisha orodha ya thamani zote zilizozidi 1.0. Ukiona 1.016, bado hujasafisha.

Kisha kuna lile shimo. Setilaiti hizi hazipiti juu kabisa ya ncha, hivyo huacha duara tupu. Kwa SMMR duara lilianzia latitudo 84.5, kwa SSM/I 87.2, na kwa SSMIS 89.18. Kwa upeo tunachukulia kwamba duara lote lina barafu ya kuvuka asilimia 15, na mambo yanakwenda. Kwa eneo huwezi kufanya hivyo kirahisi. Ukiacha shimo tupu, mfululizo wako utaruka juu 1987 na tena 2008, kila shimo lilipopungua, na utadhani barafu imeongezeka. Dawa rahisi ni kutumia shimo kubwa la SMMR kwa miaka yote, au kulijaza kwa wastani wa miraba inayolizunguka na kusema wazi kwamba umefanya hivyo.

Usizidishe kila mraba kwa kilomita za mraba 625. Ramani ambayo gridi imechorwa juu yake ni sahihi kwenye latitudo 70 tu. Karibu na ncha mraba mmoja hufikia takriban kilomita za mraba 660, na kwenye pembe za kusini hushuka chini ya 400. NSIDC hutoa faili la maeneo halisi ya miraba, litumie. Kumbuka pia kwamba kabla ya Agosti 1987 data ni za siku moja katika kila siku mbili, na kwamba kuna pengo kuanzia mwanzoni mwa Desemba 1987 hadi katikati ya Januari 1988. Anayechukua wastani wa mwezi bila kuhesabu siku zilizopo hupata Desemba 1987 ya ajabu.

Pwani nazo zina udanganyifu wake. Eneo ambalo antena huliona kwa mara moja kwenye gigahezi 19 ni pana kuliko mraba wenyewe, hivyo sehemu ya nchi kavu humwagikia upande wa bahari na kuonekana kama barafu hata Julai, mahali ambapo maji ni wazi. Upepo mkali na mawingu mazito huleta barafu ya uongo katikati ya bahari. Vichujio vipo, lakini haviondoi yote. Ukiona doa la barafu peke yake kwenye maji ya joto, liache nje.

Unene ni kazi ngumu zaidi, na kwa maoni yangu ndiko kwenye nafasi ya mtafiti mpya kuchangia. Setilaiti ya CryoSat-2, iliyorushwa 2010, hutumia rada. ICESat-2, iliyorushwa 2018, hutumia leza. Hazipimi unene. Hupima kimo kilichochomoza juu ya maji, nawe unakigeuza kuwa unene kwa kanuni ya kuelea. Chukua barafu iliyochomoza sentimita 10, yenye theluji ya sentimita 20 juu yake. Uzito wa maji ya bahari ni kilo 1,024 kwa mita ya ujazo, wa barafu 917, wa theluji 300. Zidisha 1,024 kwa 0.10, ongeza 300 mara 0.20, kisha gawanya kwa 107, ambayo ni tofauti kati ya maji na barafu. Unapata mita 1.52. Sasa badilisha theluji iwe sentimita 10 tu: unapata 1.24. Sentimita kumi za theluji ambayo hukuiona zimekula karibu sentimita 28 za barafu. Kosea kimo chenyewe kwa sentimita 2, nawe umekosea unene kwa sentimita 19. Na makadirio ya theluji yaliyotumika kwa miaka mingi yalitoka kwenye vituo vya Kisovyeti vilivyoelea Aktiki kati ya 1954 na 1991, wakati barafu ilikuwa nzee na nene kuliko ya leo.

Ndiyo maana bado watu hutoboa kwa mikono. Hutoboa tundu la sentimita 5 na kushusha utepe wenye chuma kinachojikunjua chini ya barafu, wakauvuta hadi ukwame na kusoma unene. Ili kupima chumvi hukata mche, yaani kipande kirefu cha barafu chenye umbo la silinda, wa kipenyo cha sentimita 9. Joto hupimwa papo hapo, kila sentimita 5 au 10, kwa kitundu kinachofika katikati ya mche. Kisha mche hukatwa vipande na kutiwa kwenye vyombo vyenye vifuniko, upesi, kwa sababu maji ya chumvi kali huanza kudondoka mara tu unapoutoa. Mche wa barafu yenye joto huvuja zaidi upande wa chini, hivyo chumvi unayopima huko ni ndogo kuliko iliyokuwamo.

Kwa aliye Afrika, njia ya karibu zaidi ya kufika barafuni ni Afrika Kusini, ambayo ina meli yake ya S.A. Agulhas II na kikundi cha watafiti Cape Town wanaochunguza barafu ya majira ya baridi ya Antaktika. Kituo cha chuo kikuu cha UNIS huko Svalbard, visiwa vya Norway, hufundisha kozi za barafu ya bahari. Chama cha watafiti chipukizi, APECS, kinapokea wanachama bure.

Unapoandika maombi ya nafasi ya masomo au utafiti, usidai kwamba barafu ya Aktiki ndiyo inayoleta ukame wa Karamoja. Mvua za vuli za Uganda zinatawaliwa zaidi na El Niño na hali ya Bahari ya Hindi, na profesa atakayesoma anajua hivyo. Ambatanisha kitu ulichokifanya. Kokotoa mwenyewe upeo wa kila siku wa Septemba 2012 kutoka faili za gridi, uuchore pamoja na ule uliochapishwa, na ueleze kwa sentensi mbili tofauti iliyobaki imetoka wapi: pwani, shimo, au wastani wa siku tano ambao NSIDC hutumia kwenye michoro yake nawe hukutumia. Weka na programu uliyoiandika, yenye maelezo ndani yake, ili anayeifungua aweze kuiendesha bila kukuuliza.