Nilivyojifumia skafu za mwaka mzima

Shingo yangu haipendi kukaa wazi. Baridi ikinianza huanzia hapo, na jua likiwa kali ndipo ngozi inapoungua kwanza. Kwa hiyo nilipopata mkono wa kufuma sikuridhika na skafu moja nzito ya kukaa kabatini mpaka baridi irudi. Nilitaka ya kipupwe, ya upepo, ya mvua na ya kiangazi. Leo ninazo zote, na uzi na sindano ndivyo vilivyonifikisha hapo kuliko mitindo. Mitindo ninayoitumia ni michache, hata anayeanza anaiweza.

Skafu haitoi joto. Joto ni lako mwenyewe. Kazi ya skafu ni kulizuia lisitoroke. Unywele wa sufu una mikunjo midogo midogo ya asili, nayo hunasa hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Kitani hakina mikunjo hiyo. Hulala bapa, hunywa jasho na kukauka upesi. Nikishajua hilo, swali linalobaki kwa kila msimu ni moja: hewa niifungie au niiachie?

Ya baridi niliifuma kwa sufu ya merino, kondoo wa manyoya laini, na sindano zenye unene wa milimita 5: vitanzi viwili vya mbele (vinavyoonekana kama herufi V), viwili vya nyuma (vinavyotokeza kama vinundu), hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Ufumaji huo huleta mifereji inayoshika hewa, hunyumbuka ukizungusha shingoni, na pande zote mbili za skafu zinafanana. Ukifuma mbele tupu upande mmoja na nyuma tupu upande wa pili, kingo hujikunja, na hata ukinyoosha kwa maji zitarudi kujikunja tu. Kwa upana wa sentimita 20 na urefu wa 180, uzi wa unene wa kati unaotosha ni kama gramu 250. Naununua wote kwa pamoja, nikihakikisha namba ya mkupuo wa rangi, yaani ya uzi uliotiwa rangi kwa pamoja, iliyoandikwa kwenye lebo ni ile ile kwa kila donge la uzi. Rangi mbili zinazofanana kabisa dukani huachana ukizifikisha juani.

Kabla ya kununua sufu siipimi kwa viganja. Viganja vyangu vimezoea, havina habari tena. Nalikandamiza donge chini ya kidevu na kusubiri kidogo. Unywele mnene haupindi ukigusa ngozi, unachoma. Unene wake ukizidi maikroni 30 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wengi wetu huanza kujikuna. Merino iko chini ya 24, ndiyo maana inavalika shingoni bila kitu katikati.

Upepo una mambo yake. Skafu nene yenye matundu haiusaidii mwili, maana upepo unaingia na kuisukuma nje ile hewa yenye joto. Hapa nilishuka sindano hadi milimita 3.5 kwa uzi ule ule, nikafuma kitanzi kimoja mbele, kimoja nyuma, na mstari unaofuata nikavipishanisha: palipokuwa na mbele pakawa na nyuma. Kitambaa kinatoka kimeshikana, kina vipunje vidogo, na hakijikunji. Kazi yake ni ya polepole, sikufichi. Lakini ndiyo skafu ninayoivaa kuliko zote.

Ya mvua niliifuma duara, bila ncha. Ncha za skafu ndefu huchungulia nje ya koti, zinalowa, na unyevu unapanda taratibu hadi shingoni. Nilitumia sindano ya mzunguko, yenye ncha mbili zilizounganishwa kwa waya unaopinda, ya urefu wa sentimita 60, nikaanzisha vitanzi vya kutosha kuijaza, kisha nikaunganisha. Kabla ya kuunganisha, laza kazi mezani uhakikishe ukingo wote wa chini unatazama ndani. Ukiwa umejipinda hata mara moja tu, pindo hilo halitoki mpaka ufumue. Kuhusu uzi, sufu bado inafaa, kwa sababu inaweza kunywa mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake bila mkono kuhisi kuwa imelowa. Mimi hata hivyo nilichukua akriliki, uzi wa kiwandani usiotoka kwa mnyama wala mmea. Wafumaji wengi huidharau, lakini haijali maji, inakauka haraka, na inafuliwa pamoja na nguo nyingine. Iepushe tu na pasi ya moto: inalegea, inalala, na haiinuki tena.

Sasa ya kiangazi, ambayo ndiyo iliyonifurahisha zaidi kuifuma. Uzi wa kitani, mwembamba, na sindano za milimita 6, ambazo ukiangalia huo uzi utasema hazihusiani kabisa. Nilifuma mistari michache ya mbele tupu, kisha katika mstari mmoja kila kitanzi nikakizungushia uzi mara mbili kwenye sindano badala ya mara moja. Mstari unaofuata unafuma kitanzi na kuuachia ule mzunguko wa ziada udondoke. Vitanzi vinarefuka ghafla, na pale katikati panabaki nyuzi zilizosimama wima huku mwanga ukipita. Rudia hivyo na upate skafu inayoipunguzia ngozi jua, huku hewa ikipita kama dirishani.

Kitani kina ukaidi wake. Hakinyumbuki, kwa hiyo mvuto wote unabebwa na vidole, nami hufuma kidogo kidogo na kupumzika. Ikitoka kwenye sindano haivutii: imesinyaa, vile vitanzi virefu vimelala ovyo. Niliilowesha katika maji ya uvuguvugu mpaka ikaloa sawasawa, nikaikamua ndani ya taulo, nikaitandaza na kuibana kingo kwa pini huku nikiivuta kwa upana. Ilipokauka kila kitanzi kilikuwa kimesimama mahali pake. Na kila inapofuliwa inazidi kulainika, tofauti na sufu, ambayo maji ya moto na kusugua huifanya ijishike, isinyae na kuwa ngumu.

Mambo mawili ninayafanya kwenye zote ndefu. Kitanzi cha kwanza cha kila mstari sikifumi, nakihamisha tu, na ukingo unatoka umenyooka. Na wakati wa kufunga vitanzi vya mwisho nachukua sindano kubwa zaidi kwa namba moja au mbili, la sivyo upande wa kumalizia unabana na skafu inakuwa pana huku, nyembamba kule.

Kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15 nakifuma kila mara, nakifua, na cha pamba au kitani nakitundika na vibanio kwa chini ili kivutwe. Uzi wa aina hiyo hurefuka kwa uzito wake wenyewe, na afadhali nijue mapema.

Shida iliyobaki ni kalenda. Ili skafu ya baridi iwe tayari baridi ikifika, lazima ifumwe wakati wa joto, na sufu mapajani wakati wa joto ni adhabu. Mkono ukitoa jasho, uzi unagoma kuteleza kwenye sindano za mianzi, kwa hiyo miezi hiyo natumia za chuma, nafuma alfajiri, na sehemu iliyokwisha kufumwa naiacha juu ya meza badala ya kuipakata.