Kuipanga Unity, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, kabla ya kuanza kazi

Anza na rangi, madirisha baadaye. Kwenye Windows fungua Edit, Preferences, Colors, kisha ipe Playmode tint (rangi inayofunika madirisha ya Unity mchezo ukiendeshwa) rangi inayogoma kupuuzwa, mfano nyekundu. Thamani za vitu vya sini (eneo la mchezo unalolijenga) unazobadilisha mchezo ukiendeshwa hupotea ukiusimamisha, na rangi ya awali ni hafifu mno kukukumbusha. (Mabadiliko ya materiali yenyewe, yaani faili la mwonekano wa uso wa kitu, hubaki, jambo linalowachanganya wengi.)

Weka madirisha ya Scene (unapopanga vitu) na Game (mchezo unavyoonekana) ubavu kwa ubavu, Console (dirisha la ujumbe na makosa) chini, ionekane muda wote. Hifadhi mpangilio kwenye menyu ya Layout, juu kulia. Skrini ndogo? Peleka kipanya juu ya dirisha, bonyeza Shift na Space, litapanuka. Kufuli la Inspector, dirisha la sifa za kitu ulichochagua, husaidia kulizuia lisibadilike ukichagua kitu kingine, ila ukilisahau utadhani programu imeganda.