Naishi kwa kuuza rangi, lakini wanangu hawali rangi

Mimi ni mchanganya rangi. Mteja anakuja na kipande cha kitambaa, anataka ukuta wa sebule ufanane nacho, nami nasimama kwenye mashine natia tone la hili na tone la lile mpaka aseme "hapo hapo, usiguse tena." Kazi hii imenipa jicho la ajabu la kusomea pakiti za biskuti. Karibu kila ndoo ninayofungua msingi wake ni unga mweupe uitwao titani dioksidi, ambao ndio unaoziba ukuta usionekane kwa chini. Unga huo, wa daraja la chakula, huitwa E171, kwa zile namba za E ambazo Ulaya hutambulisha nazo viambato vinavyoongezwa kwenye chakula, na kwa miaka mingi umetiwa kwenye chingamu, aisingi za keki na peremende zenye ganda jeupe linalong'aa.

Sisemi haya ili mtu atupe kila kitu jikoni. Kuwamo ndani ya ndoo ya rangi hakukifanyi kitu kuwa sumu. Maji nayo yamo humo. Ninachouliza ni kazi yake ndani ya peremende. Hakishibishi, hakina ladha, hakizuii kuoza. Kimewekwa kwa ajili ya jicho tu. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilisema haiwezi tena kukihesabu kuwa salama kwa sababu haikuweza kuondoa uwezekano kwamba kinaharibu vinasaba, na mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukakipiga marufuku kwenye chakula. Marekani wao bado wanakiruhusu, mradi kisizidi asilimia 1 ya uzito wa chakula.

Tangu hapo kila kiambato nakiuliza swali moja: wewe unamfanyia nani kazi? Kihifadhi kinachozuia ukungu kwenye mkate kinanifanyia kazi mimi na watoto wangu, hata kama jina lake halitamkiki. Rangi nyekundu kwenye mtindi wa "stroberi" inamfanyia kazi muuzaji. Najua, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Ukiponda matunda machache ndani ya mtindi mwingi unapata kijivu chenye dalili ya uwaridi, rangi ambayo hakuna mtoto ataielekezea kidole dukani. Kuna njia mbili za kutoka hapo: kuongeza matunda, au kuongeza matone. Matone ni rahisi zaidi.

Mchezo huu ni wa zamani sana. Mwaka 1820 mkemia Friedrich Accum, akiwa London, alichapisha kitabu akieleza jinsi peremende za watoto zilivyokuwa zikipakwa rangi zenye risasi na shaba. Mwaka 1858 mjini Bradford, Uingereza, watu wapatao 20 walikufa kwa kula peremende zilizotiwa aseniki; mtengenezaji alikusudia kupunguza gharama ya sukari kwa unga wa bei rahisi, akauziwa aseniki kimakosa. Miaka miwili kabla ya hapo kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata zambarau nzuri kupita kiasi, na viwanda vya rangi bandia vikazaliwa hapo. Rangi nyingi bandia za vyakula leo ni wajukuu wa jaribio lile, ila malighafi yake sasa hutoka kwenye mafuta ghafi ya petroli. Kwa haki yao, ni salama zaidi kwa mbali kuliko risasi na aseniki. Mtu anayesema chakula cha zamani chote kilikuwa safi hajui peremende za Bradford.

Sasa tuje kwenye utafiti ambao kila mzazi husikia habari zake nusunusu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya jaribio lao kwa watoto 153 wa miaka 3 na 144 wa miaka 8 na 9. Watoto walipewa kinywaji ambacho wiki nyingine kilikuwa na mchanganyiko wa rangi bandia pamoja na kihifadhi sodiamu benzoeti (E211), wiki nyingine hakikuwa nao, na si wazazi wala watoto waliojua kipi ni kipi. Kwa wastani, mchanganyiko ule uliongeza utukutu na kupunguza utulivu wa watoto. Wastani huo ulikuwa mdogo, na watoto walitofautiana sana: wengine hawakuonyesha chochote, wengine walibadilika waziwazi. Tena, kwa kuwa rangi na kihifadhi viliingia pamoja, jaribio halikuweza kusema mkosaji ni nani hasa. EFSA ilipoyapitia matokeo hayo mwaka 2008 ikasema ushahidi ni finyu.

Hata hivyo, tangu Julai 2010 chakula chochote ndani ya Umoja wa Ulaya chenye mojawapo ya rangi sita, yaani E102, E104, E110, E122, E124 na E129, lazima kiandikwe kwamba kinaweza kuathiri vibaya utendaji na umakini wa watoto. Kilichonifurahisha ni kilichofuata. Watengenezaji wengi hawakutaka maandishi yale kwenye pakiti zao, wakabadilisha rangi. Peremende ziliendelea kuuzwa. Kumbe iliwezekana siku zote.

Mama mkwe wangu hapa hunikatiza. "Baba, hawa tuliwalea kwa peremende za kila rangi, na huyo mkeo si huyo hapo mzima?" Hoja yake naiheshimu, na kwa sehemu nakubaliana naye. Kwa tartrazini, ile njano ya E102, EFSA imeweka ukomo wa miligramu 7.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ana nafasi ya miligramu 150. Peremende moja haimfikishi huko. Lakini nikimwambia mama ahesabu juisi ya asubuhi, biskuti za shule, mtindi wa jioni na dawa ya kikohozi yenye rangi ya njano, huanza kunisikiliza kidogo. Enzi zao peremende ilikuwa peremende. Siku hizi rangi imehamia kwenye chakula chenyewe.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda kuliko wote, na huwa nausimulia dhidi yangu mwenyewe. Mwaka 1994 watafiti Hoover na Milich walichukua watoto wa kiume wa miaka 5 hadi 7 ambao mama zao walisema sukari huwapandisha wazimu. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Nusu ya mama wakaambiwa mwanao amekunywa sukari nyingi. Mama hao waliwaona watoto wao watukutu zaidi, na wakawa wanawafuatafuata na kuwakosoa zaidi. Hakukuwa na sukari hata punje.

Kwa hiyo nyumbani kwetu msimamizi wa ushahidi ni mke wangu. Tulipotaka kujua kama kitinda mimba wetu kweli anaathirika na vinywaji vya rangi, mama yake ndiye aliyejua siku gani kimepita kinywaji gani, akaandika kwenye daftari lake. Mimi yangu ilikuwa kutazama na kutoa maoni bila kujua. Kwa dada yake mkubwa nilikuwa nabahatisha. Kwa huyu mdogo, mara nyingi nilipatia, hasa saa za kulala. Sidai kwamba huo ni utafiti. Ni mtoto mmoja na baba mwenye shauku. Ila ulitutosha kuamua kwamba vinywaji vya rangi haviingii ndani, na tulianza na vinywaji kwa sababu ndivyo vinavyobeba rangi nyingi kwa kupepesa macho tu: mtoto mwenye kiu hanywi kidogo.

Mengine hatukuyapigia kelele. Mkate una kihifadhi, tunakula. Soseji tumezipunguza sana, na hapo sababu yetu ni nyingine: mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Watu huniambia wamepata soseji "za asili," zisizoongezwa nitriti, kile kihifadhi cha nyama za kusindika. Mara nyingi hizo zimetiwa unga wa mboga zenye nitrati nyingi, ambazo bakteria huzigeuza kuwa nitriti ileile. Nyama haijui nitriti yake imetoka shambani au kiwandani.

Hili neno "asili" kwenye pakiti, kwa kweli, linanichosha kuliko namba za E. Nyekundu ya asili iitwayo karmini, E120, hutengenezwa kwa wadudu waliokaushwa na kusagwa, na kuna watu wachache ambao mzio wake huwapata vibaya. Kwa upande mwingine E300 ni vitamini C, E162 ni rangi ya bitiruti, E160a ni karotini ileile ya karoti. Mzazi anayekimbia kila E anaikimbia karoti. Asali ni ya asili kabisa, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo lake bado halivimudu. Na chumvi yenye madini ya joto, hiyo ni nyongeza ya kiwandani ninayoitaka nyumbani mwangu leo na kesho. Tezi ya shingo haitaki falsafa.

Juisi ya kukamua mwenyewe nayo isikupe usingizi mnono. Kwa Shirika la Afya Duniani, sukari ya juisi iko kapu moja na sukari ya kijiko: ndizo sukari wanazoshauri zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Tunda zima na glasi ya maji. Wanangu walilalamika wiki za mwanzo, kisha wakahamishia malalamiko kwenye mambo mengine.

Nje ya nyumba sheria ni nyepesi. Mtoto akialikwa, ale alichopewa na ashukuru. Sitaki mwanangu awe yule anayemsomea mwenyeji orodha ya viambato. Wakubwa wameshajifunza kusoma lebo wenyewe, wanajua kinachotajwa kwanza ndicho kizito zaidi, na wanacheka wakiona "juisi ya matunda" ambayo tunda limetajwa baada ya sukari.

Habari iliyonikasirisha zaidi miaka ya karibuni ni ya eritrosini, nyekundu ya waridi iitwayo E127, ambayo Marekani huiita Red No. 3. Mwaka 1990 wenyewe waliipiga marufuku kwenye vipodozi kwa sababu ilisababisha uvimbe wa saratani kwa panya wa maabara. Kwenye chakula ikabaki. Mama hakuruhusiwa kuipaka mdomoni, mwanawe aliruhusiwa kuimumunya. Ilipofika Januari 2025 ndipo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikafuta kibali chake kwenye vyakula, na watengenezaji wakapewa hadi Januari 2027 kuiondoa. Wataalamu wanasema njia iliyowadhuru panya haionekani kufanya kazi hivyo kwa binadamu, na huenda ni kweli. Lakini kwa rangi tu? Kwa kitu ambacho peremende haikihitaji ili iwe tamu?

Watu wengi mnaniuliza kuhusu keki za siku ya kuzaliwa, kwa hiyo nimalizie kwa utaalamu wangu halisi. Bitiruti inatoa waridi zuri sana, lakini usiitie kwenye unga wa keki: joto la jiko huivunja na unatoa keki ya kahawia. Itie kwenye krimu iliyokwisha kupoa. Manjano, yaani ile bizari ya njano, hustahimili joto, ila yakikutana na magadi soda mengi hugeuka mekundu kama kutu, na jua huyafifisha, hivyo keki isikae dirishani. Kabichi ya zambarau ndiyo burudani yenyewe. Ichemshe, punguza maji yake mpaka yawe mazito, kisha wape watoto wafanye wenyewe: tone la limau linaifanya nyekundu, chembe ya magadi soda inaipeleka kwenye bluu, ukizidisha inakwenda kijani na harufu ya mboga inaanza kusikika. Kwa hiyo kidogo kidogo.

Bluu ya kudumu ndiyo inayonishinda. Binti yangu anataka keki ya bahari. Unga wa bluu unaotolewa kwenye spirulina, aina ya mwani, ni mzuri mno kwenye krimu, lakini haupendi joto, haupendi mwanga na haupendi uchachu, na yeye anataka krimu ya limau. Nimemwambia achague limau au bahari, akasema fundi wa rangi ni wewe, baba. Aliyepata bluu inayovumilia limau aniandikie hapo chini, na ataje kipimo.