Jinsi nilivyotatua: kuzima PostgreSQL salama kabla ya kuwasha upya seva

Kwenye seva ya mauzo ya samaki hapa Mwanza, kila baada ya kuwasha upya, PostgreSQL (programu ya hifadhidata) ilichelewa kupokea watumiaji kwa sababu ilikuwa ikirudia kusoma WAL, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ya data. Chanzo: faili ya huduma haikuwa na muda wa kusubiri, hivyo systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux) ilingoja sekunde 90 za kawaida kisha ikaiua PostgreSQL kwa SIGKILL (ishara ya kuua papo hapo), chekipointi, yaani kuandika diskini data iliyo kwenye kumbukumbu ya muda, haijaisha.

Kwenye faili hiyo niliweka KillSignal=SIGINT, KillMode=mixed (ishara hiyo iende kwa mchakato mkuu tu) na TimeoutStopSec=infinity (isubiri bila kikomo), kisha `systemctl daemon-reload` ili systemd isome mabadiliko. SIGINT hukata watumiaji na kufunga vizuri. SIGTERM, ishara ya kawaida ya systemd, ikitumwa kwa mchakato mkuu peke yake husubiri kila mtu aondoke mwenyewe.

Siku ya kuzima, funga kwanza programu ya mauzo, kagua pg_stat_activity (orodha ya waliounganishwa), halafu endesha amri ya CHECKPOINT. Hii ndiyo hatua inayookoa muda, maana kurasa nyingi huandikwa diskini huduma ikiwa bado hai. Ndipo `systemctl stop postgresql`.

Usiwashe upya seva kabla `pg_controldata` (amri inayoonyesha hali ya hifadhidata) haijaonyesha "shut down". Ikisema "in production" wakati huduma imesimama, haikufungwa salama. Usitumie `-m immediate` ya pg_ctl (huzima ghafla bila chekipointi), na tafadhali usifute chochote ndani ya pg_wal, folda ya faili za WAL, hata diski ikijaa.

Umeme ukikatika, agiza UPS (betri ya akiba ya seva) ianze hatua hizi betri ikiwa bado na chaji ya kutosha.