Mwanangu ni nesi

Desemba 2023 nilirudi Tanga baada ya miaka sita. Binamu yangu alikuwa anaoa, na siku ya pili ilikuwa shughuli ya wanawake pale Ngamiani: turubai limefunga mtaa, masufuria ya pilau uani, sisi tumekaa mikekani na sare zetu. Mama mmoja wa makamo, niliyemwamkia shikamoo, alinikamata mkono kwa furaha. "Mwanangu, mama yako anatuambia uko hospitali kubwa huko Uingereza. Hospitali gani? Nina mpwa wangu anasomea unesi."

Nikamjibu kama ninavyomjibu mtu yeyote huku Leeds. "Siko hospitali, mama. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani."

Mkono wake ukauachia wangu. Hakusema neno baya. Alisema "Aaah," ile ndefu inayoshuka, halafu akamgeukia jirani yake. Sahani zilipoanza kupita nikasikia nyuma yangu, "Kumbe anaosha vikongwe vya wazungu," na kicheko kilichofunikwa kwa mtandio. Nilimtazama mama yangu. Alikuwa amesikia. Alikuwa anafuta sahani ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo.

Mimi sikujua kwamba ni nesi. Miaka sita mama alikuwa akilijenga hilo kidogo kidogo. Kwanza alisema mtoto yuko kwenye mambo ya wagonjwa, kisha yuko hospitali, kisha nesi, na mwishoni nadhani nilikuwa karibu nipandishwe cheo. Usiku ule hakunisemesha. Alfajiri, baada ya swala, akaniambia akiwa amekaa kizingitini: "Ungesema nesi tu, ungepungukiwa na nini?" Sikuwa na jibu. Alipotoka kwenda dukani alijifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Wanaoijua Tanga wanaelewa kwamba kanga ile haikuokotwa kabatini kwa bahati. Alikuwa amenikasirikia mimi, na papo hapo amekwenda kunipigania mtaani.

Nimelifikiria lile neno kwa muda mrefu. Hawakusema ninaogesha, walisema ninaosha. Kiswahili chetu kinatenganisha: sahani huoshwa, nguo hufuliwa, maiti huoshwa, na mtu aliye hai huogeshwa. Halafu hawakusema vikongwe *wa* wazungu, walisema *vya*. Kwa silabi mbili tu, mtu ninayejua anapenda chai yenye maziwa mengi akawa kama vyombo vya karoni, na mimi nikawa mwosha vyombo.

Lakini kazi ile ile niliwahi kuifanya kwenye nyumba ile ile. Bibi yangu, mama mzaa mama, alipigwa na kiharusi, akakaa kitandani karibu miaka miwili hadi alipofariki. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Nilipasha maji, nikamlaza juu ya kanga kuukuu, nikamwogesha upande mmoja halafu mwingine, nikampaka mafuta ya nazi mgongoni na visiginoni ili asitoke vidonda. Nilimbadilisha nguo alizochafua. Wanawake wale wale wa mtaa walikuja kumjulia hali, wakanikuta na ndoo mkononi, wakasema, "Mwanangu, unachuma radhi. Mungu akulipe." Walinisifu mbele ya binti zao mpaka nikaona haya.

Sasa nalipwa. Nadhani hapo ndipo penye fundo. Huduma ya mzee tukiifanya bure, kwa damu yetu, ni ibada. Akiifanya mtu kwa mshahara inakuwa utumwa machoni mwetu, na anayelipa akiwa mzungu ndiyo kabisa. Hatuoni tabu kumlipa dada wa kazi kutoka Lushoto fedha ambazo hazitoshi hata nauli ya kurudia kwao, alee watoto wetu na amgeuze bibi yetu. Yeye naye tunamwita "kabinti" mpaka anazeeka. Dharau tuliyoizoea kumtupia yeye ndiyo iliyonifuata mimi.

Naomba niieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaoicheka hawajawahi kuiona. Zamu yangu inaanza saa moja na nusu asubuhi. Nagonga mlango hata kama aliye ndani hasikii. Namwambia jina langu, namwambia ninachotaka kufanya, nangoja. Naanza na uso, nashuka, na sehemu ambayo sijaifikia naifunika kwa taulo, kwa sababu mtu wa miaka 91 aliyefundisha hesabu maisha yake yote bado anaona aibu kukaa uchi mbele ya mgeni. Naangalia ngozi: nyonga, visigino, chini ya mgongo, palipo na wekundu usioondoka. Asiyeweza kusimama tunamnyanyua kwa mashine, wawili, kamwe si mmoja. Anayesahau tunamkumbusha, na kuna siku hatumkumbushi, kwa sababu anauliza mke wake yuko wapi na mke alishakufa. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara nchini hapa kilipanda kufikia pauni 12.21 kwa saa, na sisi hatukuwa mbali sana juu yake.

Watanzania tunaoishi nje tuna msamiati mzima wa aibu tuliotengenezewa na wenzetu. Kazi zetu zote, hata za maofisini, zinaitwa kubeba boksi. Aliyeomba ukimbizi amejilipua. Aliyeingia bila karatasi amezamia. Anayerudi kusalimia anapimwa kuanzia uwanja wa ndege: mabegi mangapi, amenenepa au amekonda, kiwanja kiko wapi, nyumba imefika kwenye lenta? Hakuna anayeuliza kama unalala vizuri. Na sisi tulioko huku tunausambaza msamiati huo. Mwaka 2019 nilipokea kwenye simu picha ya kaka mmoja aliyerudishwa nyumbani, amesimama na mfuko wa plastiki. Chini yake watu walikuwa wamecheka vya kutosha. Nami nikaituma kwa wengine. Sikuandika chochote, niliituma tu. Leo ningempata kaka yule ningemwomba radhi, na sijui hata jina lake.

Aibu hii inaumiza hata pasipo mtu wa kucheka. Mwaka 2024 nilikutana kwenye basi na dada wa Kilifi aliyesikia naongea Kiswahili kwenye simu. Uingereza ilikuwa imeruhusu makampuni ya huduma za wazee kuleta wafanyakazi kutoka nje tangu Februari 2022, na yeye aliingia mwaka uliofuata. Wakala alimtoza fedha nyingi, familia ikauza shamba, kukafanyika harambee, mchungaji akamwombea mbele ya kanisa zima. Alipofika, kampuni iliyomdhamini ilimpa saa chache kwa wiki, kuna wiki hata moja hakupata. Halafu leseni ya kampuni hiyo ya kudhamini wafanyakazi kutoka nje ikafutwa. Haikuwa kampuni moja tu: serikali yenyewe ilisema kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hii, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusika na waajiri hao. Mtu akipoteza mdhamini, kwa kawaida anapewa siku 60 kupata mwingine au kuondoka.

Alikaa jikoni kwangu na barua ya kumpa siku hizo mezani. Nikamuuliza nyumbani wanajua? Akanionesha simu. Jumapili iliyotangulia alikuwa amewatumia picha akiwa amesimama mbele ya hospitali ya watu, na koti la kuazima. Nikamwambia, "Dada, waeleze. Wewe ndiye uliyeibiwa." Akanijibu, "Dada, mwizi hachekwi. Anayechekwa ni mimi." Akaniambia mama yake sasa anakaa kiti cha mbele kanisani, na tangu aondoke watu wanamwita mama wa Uingereza. Atamshushaje?

Nilitaka kumwambia kwamba ananizungumzia mama yangu. Tuliita watu wa ushauri wa bure wa masuala ya uhamiaji, tukaandika barua za maombi usiku kucha, na siku ya 51 akapata nyumba ya wazee upande wa York iliyokubali kumdhamini. Wengine niliowasikia hawakupata. Kuanzia Julai 2025 mlango wenyewe wa kuajiri watu wapya wa kazi hii kutoka nje umefungwa, na wanasiasa wa huku wanaiita kazi ya ujuzi mdogo. Ni nchi hii hii ambayo kwa wiki kumi, Machi hadi Mei 2020, ilitoka milangoni kila Alhamisi saa mbili usiku ikatupigia makofi na masufuria. Jirani yangu alilia akinipungia mkono. Mwezi ule tulikuwa tumezika wazee kiasi ambacho sipendi kukihesabu.

Nirudi Tanga. Siku tatu kabla sijaondoka, mama aliniita kwa sauti ya kawaida, kama vile hatukuwa tumenuniana. "Njoo, kuna kazi." Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mzee aliyeanguka kiharusi mwezi Ramadhani. Mkwewe, binti mdogo wa miaka ishirini na kitu, alikuwa anamnyanyua kwa kumvuta makwapa, mgongo wake mwenyewe umeshaanza kumuuma, na mzee alikuwa na kidonda kwenye nyonga. Nilimwonesha namna ya kukunja shuka chini ya mwili na kumgeuza kwalo, mahali pa kuweka mito, namna ya kuzungumza na mgonjwa kabla ya kumgusa. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani, akitazama. Mzee alinishukuru kwa jicho moja, ndilo lililokuwa linatii. Tulipotoka mama aliniuliza, "Ndivyo mnavyowafanyia kule?" Nikamwambia ndivyo. "Na nguo mnawafunika hivyo hivyo?" Ndiyo, mama. Akanyamaza mpaka nyumbani.

Hakuniomba msamaha, wala sikuutaka. Kwa mama mdogo wa Muheza bado mimi ni nesi, najua. Lakini tangu hapo kila akinipigia, baada ya kuniuliza habari za mume wangu na baridi, huuliza, "Babu yako kaamkaje?" Ana maana yule mwalimu wa hesabu. Nikimwambia leo amekula uji wote, anafurahi. Nikimwambia amekataa, ananipa maelekezo: mjaribu na cha uvuguvugu, mwambie hadithi.

Mwezi uliopita mwalimu alifariki, alfajiri, nikiwa zamu ya usiku. Nilimpigia mama saa moja ya huku. Aliinua simu akasikia sauti yangu, akajua.

"Nani alimwosha?"

"Mimi na mwenzangu mmoja, mama."

"Pole, mwanangu." Kimya. Nikasikia akivuta pumzi. "Mnazika leo?"

Nikamweleza kwamba huku si hivyo, ana mpwa mmoja tu anayeishi mbali, maziko yatakuwa baada ya wiki tatu.

"Wiki tatu!" Mama alisahau hata kwamba simu inakula salio langu. "Na nani anakaa naye muda wote huo?"