Siku moja na minyoo ya simba

Saa 1:30 asubuhi nafungua maabara, nafuta lenzi za darubini, nakunywa chai. Saa 3 askari wa wanyamapori anabisha hodi na chupa mkononi. “Dada, tambi zako hizi.” Ni minyoo ya utumbo mwembamba wa simba jike aliyegongwa na gari. Nafungua, moyo unashuka: imetumbukizwa ingali hai kwenye formalini baridi, yote imejikunja. Ingeoshwa kwa maji ya chumvi, ikatiwa kwenye alkoholi ya asilimia 70 iliyopashwa moto, ingenyooka yenyewe. Simlaumu sana, amekesha na mzoga.

Shemeji yangu huuliza, minyoo si minyoo tu? Hapana. Simba hubeba Toxascaris leonina, hubeba pia Toxocara cati, na kwa macho ni tambi zilezile. Lakini lava, yaani minyoo michanga, za Toxocara zikiingia mwilini mwa mtoto zinaweza kufika hadi jichoni. Na kambini kwa askari wapo watoto, wapo na paka.

Nalaza kipande cha mbele cha mnyoo mmoja kwenye laktofenoli, dawa ya kung'arisha, kiwe angavu. Kisha kichwa cha mwingine, na hapo ndipo siku inapoishia. Nakikata kwa wembe, kipande kidogo kuliko chembe ya chumvi, nakisimamisha kwenye jeli ya gliserini mdomo ukitazama juu. Nakisukuma kwa unywele wa kope uliogandishwa kwenye kijiti. Kinalala ubavu. Nakiinua, kinalala. Umeme unakatika, jeli inaganda kikiwa kimeinama. Napasha, naanza upya. Kinaniruka, kinapotea, nakata kingine. Shingo inawaka moto, sijui ni saa 8 au 9. Mara kinasimama, na midomo 3 inajitokeza: wa mgongoni mpana, miwili ya tumboni ikiukabili. Nachora haraka kabla hakijaanguka.

Jua linazama. Namwita kijana wa mafunzo kwenye kile cha laktofenoli.

“Mwanangu, fuata umio taratibu.”

“Mama, mwishoni kuna kifundo.”

Kifundo hicho Toxascaris haina. Mbawa za shingo, yaani mikunjo ya ngozi ubavuni, nazo ni pana, zinakatika ghafla kama kichwa cha mshale. Nakamua mayai ya jike: ganda lina vishimo vishimo kama kastabini. Toxocara cati. Naandika daftarini kwa wino, nampigia askari: paka wa kambini nao waletewe dawa, na mchanga wanapochezea watoto ufunikwe usiku.